Hina ya Mkono Mmoja

Zuhair alipanda ngazi za duka la Mzee Abdalla akiwa amekumbatia zawadi ya harusi, na bibi harusi mwenyewe hakuwa na habari kwamba ameolewa.

Afnan alikuwa ghorofani, katika ghala la kanga lililo juu ya duka la baba yake pale Mtaa wa Biashara, ameketi mkekani mbele ya dirisha. Mwanga wa alasiri ulikuwa umeingia kwa upole, mwanga ambao asingeubadilisha kwa taa yoyote ya dukani. Simu alikuwa ameifunga kwa utepe wa nguo kwenye kibao kilicholazwa juu ya marobota mawili, jicho la kamera likitazama chini, kwenye kipande cha kitambaa alichokuwa akichorea maua ya hina. Kui, rafiki na jirani yake wa mtaa wa Jamhuri, alishika karatasi nyeupe ubavuni ili kufukuza vivuli. Kwenye kona, shangazi Zainab alikuwa akikata doti za kanga kwa mkasi mkubwa, huku akijifanya hatazami.

"Hodi."

Koni ya hina ilisimama hewani. Sauti ile Afnan angeitambua hata sokoni Kangemi siku ya mnada. Kwa majuma kadhaa alikuwa ameisubiri katika simu, nayo simu ikamletea sauti za watu wote isipokuwa huyo mmoja.

"Karibu," akasema shangazi Zainab, kwa kuwa Afnan hakusema.

Zuhair akaingia. Kijana yule mrefu, mchora ramani za majumba katika ofisi moja ya Westlands, alikuwa na desturi ya kuingia mahali akitazama dari na kuta kabla ya kutazama watu. Leo hakutazama dari wala ukuta. Alimtazama Afnan mara moja, akayashusha macho haraka kama aliyegusa sufuria ya moto, kisha akakinyoosha kifurushi cha karatasi ya dhahabu.

"Aslaam alaikum. Nimekuja kutoa mkono."

"Niaje, Zuhair!" Kui akadakia. "Umepotea sana. Ama ulihama Kenya? Na mkono ni ya nini, kwani nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Ni mkono wa heri." Akakisogeza kifurushi mbele. "Ni vikombe vya kahawa, Afnan. Nimeambiwa ni vizuri kwa watu wanaoanza nyumba."

Afnan aliiweka koni chini taratibu. "Nyumba ya nani?"

"Usinitese. Nimekuja kwa wema, nami nitaondoka kwa wema. Mimi nimeona."

"Umeona nini?"

"Mikono yako."

Mkasi wa shangazi Zainab ukanyamaza.

Ni sharti ielezwe hapa kwamba Zuhair alikuwa ameahidi kuleta posa. Wazee wake wa Mombasa walikuwa wamekwisha kukata tikiti za treni, na Mzee Abdalla alikwisha kuagiza halua. Siku ikafika, wazee wasifike. Haikuja barua wala udhuru. Halua ililiwa na wapangaji wa jirani, na Mzee Abdalla hakulitaja tena jina la Zuhair nyumbani. Afnan naye hakulia mbele ya mtu. Aliendelea kuchora hina na kurekodi video zake kila siku, kwa sababu mwanga wa dirishani haungojei mwenye huzuni.

"Mama aliiona video yako," Zuhair akasema. "Ile ya hina ya bibi harusi. Binamu yangu alimwonyesha. Unajua mama yangu ni nani katika mambo hayo."

Afnan alijua. Bi Salha wa Kuze, Mombasa, mpambaji wa maharusi aliyekuwa akiombwa tangu mwezi wa Rajabu ili apatikane baada ya Mfungo Mosi. Neno lake juu ya hina lilikuwa sawa na neno la kadhi juu ya talaka.

"Akasemaje?"

"Alisema mwari hapaki hina ya bibi harusi. Nikamwambia, mama, huenda amejichora kwa kujifunza. Akanicheka. Akasema, 'Mwanangu, mtu huweza kujichora mkono wa kushoto kwa mkono wake wa kulia. Je, wa kulia atauchora kwa nini, kwa meno? Tazama mikono yote miwili ilivyo sawasawa. Huyu kapambwa, na apambwaye namna hii yuko ndani, keshaposwa na kwengine.'" Zuhair akayainua macho hatimaye. "Niliitazama tena na tena, Afnan. Nilitafuta mstari mmoja uliotetemeka katika mkono wa kulia. Sikuuona."

"Ukanyamaza."

"Ningesema nini? Nimpigie simu mke wa mtu?"

"Ungenipigia mimi!"

Sauti yake iligonga marobota ya kanga, ikazimika. Kui akateremsha karatasi yake. Chini, dukani, ilisikika sauti ya Mzee Abdalla akimsifia mteja rangi ya kanga ambayo yeye mwenyewe haipendi.

Afnan alisimama. Hakuwa mrefu, lakini alijua kusimama. Akaikunja mikono ya buibui hadi viwikoni, akamnyooshea Zuhair mikono yote miwili, viganja juu, kama anayeomba dua.

"Tazama sasa. Si katika simu, hapa. Tazama."

Zuhair akatazama. Mkono wa kushoto ulikuwa na maua yaliyofifia, rangi yake imekuwa kama kutu ya msumari. Mkono wa kulia ulikuwa mtupu na safi, isipokuwa ncha za vidole viwili zilizopakwa rangi na koni.

"Ya kulia imefutika mapema," akasema kwa mashaka.

"Ya kulia haijawahi kuwapo. Kui, mwonyeshe."

Kui alikwisha kuitoa simu yake. "Kuja hapa, mtu wa ramani. Unaona hii mkono? Na unaona hii ingine? Hizi zote ni moja!"

"Mkono huu na mkono ule ni mkono mmoja," shangazi Zainab akasema kutoka konani. "Mwenyezi Mungu akupe sarufi, Kui, nami anipe subira."

"Amina, shangazi. Lakini ameelewa."

Hakuwa ameelewa. Afnan akamweleza, na alipoeleza, hasira yake ilianza kugeuka kuwa ile shauku aliyokuwa nayo kila alipozungumzia kazi yake. Alimkumbusha jinsi alivyoanza: simu yenye ufa kwenye kioo na video ya kwanza iliyotazamwa na watu wanaoweza kuenea katika kochi moja, akiwamo yeye na Kui. Alijifunza kwamba mtazamaji huvumilia picha mbaya lakini havumilii kivuli cha kichwa kinachopita juu ya ua. Baadaye akajifunza kuanza na ua lililokamilika ndipo arudi kwenye nukta ya kwanza. Kisha akatamani kuonyesha hina kamili ya bibi harusi, na hakupatikana bibi harusi hata mmoja aliyekubali kurekodiwa na mwanafunzi.

"Kwa hiyo nikautumia mkono niliokuwa nao. Nikauchora wa kushoto. Ulipokauka nikaurekodi, kisha Kui akaigeuza picha katika simu, kushoto kukawa kulia, kama unavyojiona kwenye kioo. Tukaziunganisha picha mbili. Usione vyaelea, Zuhair."

"Vimeundwa," akanong'ona.

"Hebu tazama kidole cha kati. Unaliona kovu hili dogo? Nilikatwa na kisu nikimenya mihogo. Litafute katika mkono wa pili."

Akaisogeza simu karibu na macho. Kovu lilikuwapo. Lilikuwapo huku, lilikuwapo na huko, mahali pale pale.

"Nimekatwa mara moja tu maishani mwangu," Afnan akasema.

Zuhair aliketi juu ya robota bila kuombwa. Uso wake uliokuja umefungwa kama duka la sikukuu ulianza kufunguka, ubao kwa ubao. Alimtazama Afnan, na safari hii hakuyashusha macho. Alikuwa na macho ya mtu aliyekwisha kuililia mali yake kisha akaambiwa haikuwa yake iliyoungua. Afnan aliyapokea macho yale na kuhisi joto likipanda shingoni. Alitaka kuendelea kukasirika. Moyo wake, bila kumwomba ruhusa, ulikwisha kumkaribisha mgeni, ulikuwa ukitafuta kiti.

"Hukuolewa," akasema Zuhair.

"Sikuolewa."

"Hukuposwa."

"Kuna mtu aliahidi kuniposa. Wapangaji wa jirani waliila halua yake."

Kui akacheka kwa pua. Shangazi Zainab akakohoa, kikohozi chake cha kuwakumbusha watu kwamba yupo.

"Basi mambo ni mepesi," Zuhair akasema, akasimama kwa furaha. "Ifute ile video. Leo hii. Mimi nitampigia mama nimweleze kwamba ilikuwa kosa, kwamba imeondolewa, na mwezi haujaisha wazee watakuwa hapa."

Afnan aliishusha tena mikono ya buibui yake, mmoja baada ya mwingine.

"Siifuti."

"Afnan..."

"Siifuti, Zuhair. Ningeifuta kama ningekuwa nimefanya kosa. Sikumvunjia mtu heshima, sikuonyesha uso wala nywele, sikusema uongo. Niliandika, 'Hina ya bibi harusi.' Sikuandika, 'Mimi ni bibi harusi.' Nikiifuta leo, kila atakayeiulizia ataambiwa kulikuwa na aibu, ikafichwa."

"Mtoto wa watu ana hoja, mwanangu," shangazi Zainab akasema. "Ukweni hakuingiwi kwa ubishi. Video moja ni nini? Utachora nyingine."

"Shangazi, wanawake wanaonipigia simu wote huanza na neno moja: 'Tumeiona ile ya bibi harusi.' Jumatatu nakwenda Westlands. Kuna saluni wanataka niwe mpambaji wao, niwafundishe na wasichana wao. Hawakuniita kwa sababu ya sura yangu, hawajaiona. Wameniita kwa sababu ya mkono ule." Akamgeukia Zuhair. "Na wewe ndiye uliyeniambia nianze. Ulisimama pale pale ngazini, ukasema, mtu akingoja vyombo vyote vikamilike, nyumba haijengwi. Umesahau?"

"Sijasahau."

"Mama yako umemwambia kwamba hii ndiyo kazi yangu?"

Zuhair alisita. Kulikuwa kusita kudogo tu, lakini Afnan alikuona, na kile kiti ambacho moyo wake ulikuwa umekwisha kukivuta akakirudisha mahali pake.

"Nilimwambia unamsaidia baba yako dukani."

"Ala!"

"Nilitaka kwanza akupende, ndipo..."

"Basi msichana uliyemweleza mama yako si mimi," Afnan akasema, na sasa hakupaza sauti kabisa. "Ni mwingine. Anauza kanga, hana simu, hana koni, hana neno. Mtafute huyo umpose. Vikombe hivi vitamfaa."

Hakuna aliyekohoa. Kui aliitazama dari. Zuhair alikuwa amesimama katikati ya marobota kama nguzo iliyokosewa vipimo, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane, Afnan aliona kwamba mtu huyu angeweza kugeuka, ashuke ngazi zile, na yeye asimfuate. Wazo hilo lilimchoma. Halikumyumbisha.

"Nifanye nini?" Zuhair akauliza.

"Mpigie mama yako. Sasa. Picha na sauti."

"Yarabi!" Shangazi Zainab akaudondosha mkasi. "Mwari aseme na mamake mume kabla ya posa? Uso kwa uso? Weye mtoto, haya umeiuza kwa nani?"

"Shangazi, hajawa mkwe wangu. Kwa sasa Bi Salha ni mtazamaji wangu, na mtazamaji ameuliza swali. Mimi watazamaji wangu huwajibu."

Zuhair aliitoa simu mfukoni. Kidole chake kilikaa juu ya jina la mama yake muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Afnan hakumsaidia kwa neno. Kuna mizigo ambayo mwanamume akibebewa leo, atangoja kubebewa maisha yake yote. Kisha kidole kikashuka, simu ikalia, na uso mpana wa mwanamke aliyevaa miwani ukajaa kiooni.

"Zuhair? Mbona wanipigia na mie sijajitanda?"

"Shikamoo, mama. Niko Nairobi, dukani kwa kina Afnan. Hajaolewa wala hajaposwa." Akaishika simu kwa mikono miwili. "Na kuna jambo nililokuficha. Kazi yake si kuuza kanga. Kazi yake ni hina, na kurekodi video za hina. Mimi ndiye niliyemhimiza aanze, kisha nikaona haya kukwambia. Kosa ni langu. Na namtaka yeye, mama, pamoja na kazi yake."

Sauti yake ilitetemeka mwanzoni, lakini mwishoni ilikuwa imesimama. Afnan aliutazama ubavu wa uso wake, lile taya lililokaza, na kitu ndani yake kikalegea chenyewe.

"Nigeuzie simu," Bi Salha akasema.

Afnan aliipokea. Alijitanda vizuri, akaketi mkekani penye mwanga wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakutabasamu. "Nyoosha mikono. Sogeza karibu. Geuza. Enhe. Na wa kulia?"

Afnan akaeleza yote tena, tangu koni hadi kioo, hadi kovu la kisu. Bi Salha alisikiliza bila kupepesa. Alipomaliza, aliwika simuni jogoo wa Mombasa asiyejua saa.

"Yaani mimi, Salha binti Athmani, niliyepamba wana wa mji mzima, nimedanganywa na simu?"

"Hukudanganywa, mama. Ulisema mikono yote miwili ni sawasawa, na ni kweli. Ulisema hakuna ajichoraye wa kulia namna ile, na ni kweli pia. Jicho lako halikukosea mahali popote. Mimi ndiye niliyewaacha watazamaji bila maelezo."

"Ulimi unao."

"Ninao, mama."

"Na mkono unao. Mstari wa kiganjani haukutetemeka." Akaivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Lakini lile ua la kifundo cha mkono umelilaza nje. Kwetu la bibi harusi hulazwa ndani, limtazame mwenyewe. Ua la nje ni la mgeni wa harusi."

Afnan aliinama akautazama mkono wake. "Hilo sikulijua."

"Ungelijuaje? Wafundishwa na nani huko?" Kisha sauti yake ikawa nzito. "Na mie sasa nifanyeje? Kuze nzima imeiona. Wasema mchumba wa mwanangu kaolewa kwengine. Nikipita njiani wananipa pole. Basi mtaifuta?"

Zuhair alifungua kinywa. Afnan akamtangulia.

"Hapana, mama. Nikiifuta, watu hawatasahau, watasema zaidi. Nitarekodi nyingine sasa hivi, kabla mwanga haujaondoka. Nitaonyesha mikono yangu yote miwili, na namna picha ilivyogeuzwa. Na nitasema ua la kifundoni nililikosea, na kwamba aliyeliona kosa ni mpambaji wa Mombasa, kutoka kwenye kioo cha simu tu. Hao wanaokupa pole watakuja kukupa hongera."

Bi Salha aliivuta simu karibu na uso. Shangazi Zainab, ambaye udadisi wake ulikuwa umeishinda haya, alikwisha kusogea na kuchungulia juu ya bega la Afnan.

"Utanitaja kwa jina?" Bi Salha akauliza.

"Ukiniruhusu."

"Nitaje vizuri, basi. Bi Salha wa Kuze. Kuna Salha mwengine wa Majengo, huyo hajui kitu."

Kui aliuzika uso wake katika robota la kanga, mabega yakimtikisika.

"Na wazee, mama?" Zuhair akauliza kwa upande.

"Wazee watakuja Jumapili. Mwambie babake binti asiagize halua, nitaleta yangu." Akamtazama Afnan mara ya mwisho, muda mrefu, kama apimavyo mkono kabla ya kuuchora. "Haya, mwanangu. Fanya kazi yako. Mwanga waondoka."

Kioo kikawa cheusi. Shangazi Zainab akakichukua kifurushi cha dhahabu kutoka kwapani mwa Zuhair. "Hiki kiache hapa. Harusi itakuja kukifuata," akasema, akateremka ngazi kwa haraka isiyolingana na magoti yake, akimwita Mzee Abdalla.

Zuhair alibaki amesimama.

"Umenisamehe?" akauliza polepole.

"Nimeanza," Afnan akajibu. "Siku nyingine ukiona mikono yangu imekutia shaka, niulize mimi mwenyewe. Usimwulize mtu mwingine."

"Nitakuuliza."

"Na sasa nyamaza. Narekodi."

Alitabasamu alipokuwa akisema hivyo, na Zuhair akarudi nyuma hadi ukutani, akaegemea, akimtazama. Afnan alikaa sawa. Kui akabonyeza simu, akamwashiria kwa kidole. Afnan akaiweka mikono yake miwili juu ya kanga nyeupe, ubavu kwa ubavu, akaanza kusema kwa sauti ya mtu aliye nyumbani kwake.

"Aslaam alaikum. Naitwa Afnan, na hii ni mikono yangu. Mmoja una hina. Huu mwingine unangoja."

Nyuma ya simu, Zuhair alisahau kupumua.